Wenzetu Wanakimbia, Sisi Tumekaa Barazani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Yapata mwezi mmoja sasa, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani kama ilivyo ada yetu, kahawa inazunguka, akaja kijana mmoja ambaye nilimsomesha juzuu ya Amma angali mdogo. Akatusalimia, akanipa mkono kwa adabu, akasema: "Maalim, nina suala. Binamu yangu aliyeko Uingereza ameniletea ujumbe. Atakimbia mbio ndefu kutoka mji wa Newcastle hadi South Shields, na anawaomba jamaa zake wamtilie chochote, fedha hizo ziende kwa wagonjwa wa saratani. Je, nikimpa, itakuwa sadaka?"

Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja akadakia: "Yaani akimbie yeye, na mgonjwa ndiye apone?" Baraza zima likaangua kicheko. Mwengine akasema huo ni mchezo tu wa watu walioshiba. Wa tatu akasema hiyo ni riya, sadaka ya kupigiwa makofi. Wa nne akasema ni kuwaiga wasiokuwa Waislamu. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao. Yule kijana akatia simu yake mfukoni, akatuaga, akaenda zake.

Ndugu msomaji, mtu akija kwa mwalimu wake na suala la dini, akajibiwa kwa kicheko, huyo amedhulumiwa. Nimeandika makala haya kumjibu yeye, na kuwajibu wazee wenzangu, na kujijibu mimi nafsi yangu. Na atakayeona maneno yangu ni makali, naajue kwamba nilianza kujichapa mwenyewe kwanza.

MBIO ZENYEWE NI ZIPI?

Kabla mtu hajahukumu jambo, ni wajibu alijue. Mbio hizo zinaitwa Great North Run, nazo ni za nusu marathoni, yaani kilomita 21 na ushei. Zilianza mwaka 1981, zikaasisiwa na Brendan Foster, mwanariadha wa huko huko kaskazini mwa Uingereza, aliyepata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa mbio za mita 10,000. Mwaka ule wa kwanza walikimbia watu zaidi ya 10,000, na siku hizi hujiandikisha watu wapatao 60,000. Mwaka 2014 alivuka mstari wa mwisho mkimbiaji wa milioni moja tangu mbio hizo zianzishwe. Zilivunjika mara moja, mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya Korona.

Wakimbiaji huanzia Newcastle, wakavuka daraja kubwa la mto Tyne, wakapita Gateshead, wakaishia ufukweni mwa bahari kule South Shields. Wanaoshindania ushindi ni wachache mno. Wengi waliobaki ni watu kama mimi na wewe: mwalimu, muuguzi, dereva, mama wa watoto watatu, mzee aliyestaafu. Mtu hujiandikisha chini ya jumuiya fulani ya sadaka, akawaendea jamaa, majirani na wafanyakazi wenziwe, akawaambia: "Mimi nitachoka, nanyi toeni." Huyu hutoa pauni tano, yule kumi. Fedha hizo huenda kwa wagonjwa, kwa mayatima, kwa vipofu, kwa wazee wasio na mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chao hujaa mamilioni ya pauni kila mwaka.

Na tusidhani kwamba jambo hili liko mbali nasi. Bara letu linajulikana sana katika njia ile. Benson Masya wa Kenya alishinda mbio hizo mara nne baina ya mwaka 1991 na 1996. Mary Keitany, wa Kenya pia, alishinda kwa upande wa wanawake mwaka 2014, 2015 na 2017. Na aliyeshinda mara sita mfululizo, tangu mwaka 2014 hadi 2019, ni Mwislamu, Mo Farah, mzaliwa wa nchi ya Wasomali. Mwaka 2022 mtu huyu alieleza hadharani kwamba alipelekwa Uingereza angali mtoto wa miaka tisa hivi, kwa jina lisilokuwa lake, akafanywa mtumishi wa nyumba ya watu. Mtoto aliyedhulumiwa hivyo ndiye aliyekuja kusujudu mbele ya macho ya walimwengu aliposhinda katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Na mbio zake za mwisho kabla ya kustaafu zilikuwa hizo hizo za Newcastle, mwezi wa Septemba 2023.

Tena huo mji wa South Shields zinakoishia mbio, wauonaje, ndugu msomaji? Ni mji ambao mabaharia wa Kiyemeni, watu wa Aden na majirani zake, walifika na kukaa tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa. Walikuwa wakifanya kazi chini kabisa ya meli za moshi, wakitia makaa katika matanuri. Watu hao ni ndugu wa mababu wa wengi wetu hapa pwani. Wakaoa, wakazaa, wakajenga msikiti uitwao Al-Azhar. Mwaka 1977 bondia Muhammad Ali alifika katika mji huo kwa kuombwa asaidie kukusanya fedha za vilabu vya ndondi vya vijana wa huko, na katika msikiti huo ndoa yake ikaombewa baraka. Basi yule kijana wa baraza letu hakutuletea jambo geni. Ametuletea jambo ambalo watu wa kabila letu na dini yetu wamekuwa wakilitazama mlangoni mwao miaka mingi.

JE, NI MCHEZO TU?

Tuanze na hoja ya kwanza, kwamba kukimbia ni mchezo usiomfalia mtu mzima.

Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha akamshinda. Baadaye, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni kulipa ile. Hadithi hii imo katika Abu Daud. Na katika Sahihi Muslim imo habari ya Salama bin Akwaa (R.A.), aliyekuwa hodari wa mbio, alivyoshindana kwa miguu na mtu wa Answari mpaka Madina, na Mtume akamruhusu. Sasa wewe uliyekaa juu ya baraza, tumbo limekutangulia, unaona haya kwa jambo ambalo Mtume hakulionea haya?

La kubwa zaidi ni hili. Kila mwaka mamilioni ya Waislamu huenda Makka, na katika nguzo za Hija na Umra zao imo sa'yi, baina ya Swafa na Marwa, mara saba, ambayo jumla yake ni kilomita 3 na ziada. Na pale penye taa za kijani wanaume hukaza mwendo wakakimbia. Je, ni ukumbusho wa nini? Ni ukumbusho wa mama, Bibi Hajar, aliyekuwa akikimbia jangwani huku na huku kumtafutia mwanawe maji. Hakukaa chini akasema, "Kukimbia kwangu kutamfaa nini mtoto mwenye kiu?" Alikimbia, na maji akayaleta Mwenyezi Mungu, tena kwa njia ambayo Bibi Hajar hakuitazamia, chini ya miguu ya mtoto. Basi yule mzee mwenzangu aliyeuliza, "Akimbie yeye, mgonjwa ndiye apone?" naalipeleke suala lake pale Marwa, aone kama atathubutu kucheka.

Sisemi kwamba mbio za Newcastle ni ibada kama sa'yi. La hasha! Ibada haiongezwi wala haipunguzwi. Nasema tu kwamba dini ambayo imelifanya hangaiko la mama mmoja kwa ajili ya kiumbe dhaifu kuwa ukumbusho mpaka siku ya Kiama, haiwezi kumdharau mtu anayeichosha miguu yake ili mgonjwa apate dawa.

JE, NI RIYA?

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Riya ni maradhi yanayokula amali kama mchwa alavyo boriti: nje mti mzima, ndani unga. Katika Suratul Baqara tumeonywa tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi, tukawa kama mtu atoaye mali yake apate kuonekana na watu. Na miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli siku ambayo hapana kivuli ila chake Mola, yumo yule atoaye kwa siri, mkono wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia.

Lakini soma mpaka mwisho, usisome nusu. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 271, tumefunzwa kuwa kuzitoa sadaka dhahiri ni vyema, na kuzificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi. Zote mbili zimesifiwa, ila moja ina daraja kubwa kuliko nyengine. Na ziko nyakati ambapo kutoa hadharani ndiko kunakowaamsha waliolala. Walipofika Madina watu wa kabila la Mudhar, nao wako uchi na njaa, uso wa Mtume (S.A.W.) ulibadilika kwa huzuni. Akasalisha, akahutubia, akawahimiza watu watoe. Akaja mtu mmoja wa Answari na mfuko ambao mkono wake ulikuwa karibu kushindwa kuubeba. Watu walipomwona, wakafuatana mmoja baada ya mmoja, mpaka yakawa mafungu mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'ara kwa furaha. Hapo ndipo alipofundisha kwamba aanzishaye mwendo mwema hupata thawabu zake na mfano wa thawabu za wanaomfuata. Je, yule Answari alifanya riya? Nani atathubutu kulisema hilo?

Riya iko moyoni, na mlinzi wa moyo si mimi wala wewe. Na tuseme kweli, ndugu msomaji: ni nani kati yetu anayestahili kuwashutumu wenziwe kwa riya? Sisi ambao mtu akitoa pangaboi msikitini huandika jina lake juu yake kwa rangi nyekundu? Sisi ambao katika harusi husomwa kwa kipaza sauti nani ametunza nini? Nyani haoni kundule. Yule mkimbiaji amepewa nishani ya bati na fulana yenye jasho. Sisi tunataka jina letu libaki ukutani miaka hamsini.

JE, NI KUIGA?

Hoja ya tatu ni ya kuiga. Nami najibu kwa handaki. Majeshi ya Makuraishi na wenzao yalipokuja kuizunguka Madina, Salman Al-Farsi (R.A.) alishauri lichimbwe handaki, jambo lililokuwa likijulikana kwa Wafursi wala si ada ya Waarabu katika vita vyao. Mtume (S.A.W.) hakusema, "Hayo ni ya waabudu moto." Alilipokea, akachimba kwa mkono wake. Kinachokatazwa ni kuwaiga watu katika itikadi zao, ibada zao na maovu yao. Ama mbinu ya kukusanya msaada kwa dhaifu, hiyo ni zana, na zana hutazamwa inafanya kazi gani.

Basi yule kijana, jibu lake ni hili. Ndiyo, mwanangu, ukimpa binamuyo kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu, ni sadaka, hata kama mgonjwa atakayefaidika si Mwislamu, kwani sadaka ya sunna yafaa kupewa kila mhitaji. Lakini usiihesabu kuwa ni zaka yako. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, wala haitupwi ovyo katika mfuko usiojulikana unakokwenda. Wala usichanganye mchango huu na dau. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wanazuoni wamekaza sana juu ya watu kuwekeana mali kwa mbio za miguu. Lakini wewe hukuweka mali ili uile ukishinda, umetoa ikaenda.

NINALOLIPINGA

Asije mtu akasema Maalim amelewa na mambo ya Ulaya. Yako ninayoyapinga, nami nayasema wazi, khasa kwa kuwa mbio kama hizi sasa zimeenea katika miji yetu. Nairobi wana marathoni yao kila mwaka tangu 2003. Mwaka 2014 zilianzishwa huko huko mbio za nusu marathoni za kuchangia afya ya mama na mtoto, na mke wa Rais wa wakati ule alikwenda akakimbia mwenyewe marathoni ya London mwaka huo, akachukua zaidi ya saa saba bila kukata tamaa. Hilo ni jema. Lakini sikilizeni.

Kwanza, huku kwetu mbio huanza alfajiri kwa kuogopa jua. Mtu anayeamka saa kumi za usiku kufunga viatu, kisha sala ya Alfajiri ikampita, huyo amekwenda kuchuma senti akaiangusha dhahabu njiani. Sali kwanza, ndipo ukimbie.

Pili, sitara. Mwanamume ana uchi wake wa kuufunika, na mwanamke ana wake. Mabinti zetu wakitaka kutembea au kukimbia kwa heri, wapangiwe pao na wakati wao, kwa mavazi ya stara. Wala tusiwafungie mlango kisha tukadai tumewahifadhi.

Tatu, mfadhili. Kampuni ya ulevi au ya kamari ikitia jina lake juu ya kifua cha mwanangu, kisha ikatoa sehemu ndogo ya ilichowanyang'anya maskini, hiyo haiitwi sadaka. Hiyo ni kumpiga mtu fimbo kisha ukamuuzia dawa ya uvimbe. Na riba hali kadhalika.

Nne, na hili ndilo kubwa: mhitaji hana siku moja katika mwaka. Anayekimbia Jumapili moja, akapiga picha, akaitundika nishani, kisha siku 364 asimjue jirani yake aliyelala na njaa, huyo amekimbia miguu, moyo umebaki kitini.

SASA TUJE KWETU

Ndugu msomaji, mpaka hapa nimewahukumu wengine, na hilo ni rahisi. Sasa nataka nikueleze kwa nini usiku ule wa baraza sikupata usingizi.

Mimi ni mjumbe wa kamati moja ya msikiti. Miaka miwili nyuma vijana wa mtaa walituletea barua. Walitaka Jumapili moja wakimbie kilomita 21 kandokando ya pwani, wakusanye michango kwa ajili ya nauli za wagonjwa wa figo wa mtaa wetu, ambao hulazimika kwenda hospitali mara mbili kwa juma kusafishwa damu kwa mashine. Barua ilikuwa na hesabu nzuri, imeandikwa kwa adabu. Tuliikataa kwa muda usiozidi robo saa. Mmoja wetu akasema, "Vijana hawa wanataka kutuvunjia heshima ya msikiti." Nami niliinua mkono wangu pamoja na waliokataa.

Katika kikao hicho hicho tulipitisha kununua mazulia mapya. Ya zamani hayakuwa na miaka mitano. Ijumaa mbili tu, fedha zikatimia.

Alikuwako mama mmoja katika wagonjwa hao, aliyekuwa akiupikia mtaa mzima mahamri na mbaazi. Nami nimekula mahamri yake miaka isiyohesabika, nyengine kwa mkopo. Alipougua, akaacha kupika, na alipoacha kupika akakosa nauli. Juma hili alikwenda mara moja badala ya mbili. Juma la pili hakwenda kabisa. Hakupiga kelele, kwani alikuwa mtu wa haya. Mwanawe alisimama siku moja mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Tukampa tulichokuwa nacho mifukoni, yaani sarafu, tukaenda kula pilau. Yule mama alifariki kabla ya mwezi kwisha, na tulimsalia juu ya mazulia mapya.

Ajali yake ilikuwa imeandikwa, hilo naliamini. Lakini nauli ilikuwa mikononi mwetu, na hilo tutaulizwa.

Sasa niambie, ndugu msomaji: siku ile ya hesabu, atasimama mtu wa Newcastle ambaye hakupata kuisikia Suratul Maun hata mara moja, aseme, "Mimi nilikimbia mpaka kucha zikanitoka kwa ajili ya mgonjwa nisiyemjua." Nasi tuliohifadhi sura hiyo tungali watoto, tukijua kwamba imemtaja kwa ubaya yule asiyehimiza kulishwa maskini, na wale wanaosali huku wakionyesha watu na kuzuia msaada mdogo wa matumizi ya nyumbani, sisi tutasema nini? Kwamba tulikuwa na mazulia?

Na liko jambo jengine la kutia aibu. Kule, sheria huitaka jumuiya ya sadaka iliyoandikishwa itayarishe hesabu zake kila mwaka, na anayetaka huziomba akazitazama. Huku kwetu, ukimwuliza mweka hazina wa jumuiya, "Bwana, sanduku la mwaka jana lilitoka kiasi gani, likaenda wapi?" atakasirika mwaka mzima, na watu watasema umemvunjia heshima mtu mzima. Nani aliyetufundisha kwamba amana ni siri? Sayyidna Umar (R.A.) aliulizwa mbele ya watu juu ya kitambaa cha nguo yake, naye ni Khalifa, akajibu kwa mwanawe kushuhudia kuwa amempa fungu lake. Sisi si wakubwa kuliko Umar.

BASI TUFANYE NINI?

Silaumu nikaenda zangu. Nakuomba mambo manne, nayo yamo katika uwezo wa kila nyumba.

La kwanza, hesabu zaka yako kwa kalamu na karatasi, si kwa makisio. Mwenye milioni moja iliyofikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka, wajibu wake ni 25,000. Wangapi tunatoa elfu mbili mbili mwezi wa Ramadhani kwa wanaobisha hodi, tukajiona tumemaliza? Lau matajiri wa mtaa mmoja tu wangetoa zaka kamili, yule mama asingekosa nauli, wala vijana wasingehitaji kukimbia.

La pili, kila msikiti uwe na daftari la wagonjwa na wajane wa mtaa wake, na mtu wa kuwazuru. Mgonjwa mwenye haya haombi. Ni juu yetu kumtafuta.

La tatu, hesabu za sanduku zisomwe kila baada ya miezi mitatu, hadharani, baada ya sala ya Ijumaa. Atakayekataa, asipewe ufunguo.

La nne, vijana wakija na fikra ya heri, tusiicheke. Wakitaka kukimbia, na wakimbie kwa masharti niliyoyataja. Wakitaka kushona, na washone. Kijana anayechoka kwa ajili ya mgonjwa ni bora kuliko anayekesha kwenye kona za giza, na hizo kona tunazijua na vinavyouzwa hapo tunavijua. Tukizifunga njia zote za heri kwa kuwa hatukuzianzisha sisi, tusilie wakifuata njia za shari.

Mimi nimekwisha kumtafuta yule kijana. Nilikwenda kwao, nikamwomba radhi kwa kicheko cha usiku ule. Akasema, "Maalim, mimi sikukasirika." Nikamwambia, "Ungekasirika, mwanangu, ingekuwa haki yako." Nikampa mchango wangu wa binamuye. Kisha nikamwambia awaite wenziwe waandike tena ile barua ya kamati. Safari hii nitaisoma mimi mwenyewe, na mkono wangu nitauinua upande mwengine. Huenda nikashindwa kwa kura, lakini sitashindwa kwa kunyamaza.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tushindane katika mambo ya kheri, na ashindanaye hakai. Basi mwenye miguu naakimbie, mwenye mali naatoe, mwenye elimu naaseme kweli, na asiye na chochote naamwombee dua mgonjwa, wala asimcheke anayehangaika.

Ewe Mola wetu, warehemu wagonjwa wetu walio hai na waliokufa, itakase mioyo yetu na riya na ubahili, na utusamehe kwa kila mlango uliobishwa tukakaa kimya. Amin.

Wabillahi tawfiq.